Nusu ya Mzinga

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikutaka kumsikia Salumu akifunga mizigo. Nyumba ya mdogo wangu iko ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini kutoka kwangu, na tangu alasiri nilikuwa nasikia mizinga ya nyuki ikigongana, masufuria yakitumbukizwa kwenye magunia, na mkewe Mwajuma akiwapigia mabinti kelele watafute mfuniko wa pipa. Asubuhi trekta lingekuja kuwachukua. Walikuwa wanahamia msitu wa upande wa Ugalla, mwendo wa siku nzima, na nilijua kwamba Salumu akishafika huko harudi tena. Sisi watoto wa Mzee Ramadhani tukifunga mlango tunaufunga kweli.

Nikasukuma madirisha. Madirisha yangu ni ya aluminiamu, na ukishayafunga hata jogoo humsikii. Ni nyumba ya kwanza kijijini kuwa na madirisha ya aina hiyo na niliijenga mwenyewe. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa nikijisifu haki ninayo. Niliondoka hapa na shati moja na namba ya simu ya mtu nisiyemjua. Niliosha vyombo Durban miaka minne, nikalinda geti miaka mitano, jioni nikienda darasani na sare ya ulinzi ndani ya mfuko, na nikarudi na stashahada ya usindikaji wa vyakula. Hakuna aliyenishika mkono. Katika ukoo wote wa Kasanda, mimi ndiye wa kwanza kuvaa joho. Picha ya siku hiyo iko sebuleni, kubwa, ndani ya kioo, na chini yake, juu ya misumari miwili, nilikuwa nimelitundika tezo la babu.

Tezo hilo lazima nilieleze, maana bila hilo ndoto niliyoota usiku huo haitaeleweka.

Babu yetu, Mzee Kasanda, alikuwa mtu wa nyuki, kama baba yake kabla yake. Mizinga yao ilikuwa ya magogo. Unakata gogo la mninga, unalipasua katikati kwa urefu, unachimba kila nusu kwa tezo mpaka inakuwa kama mtumbwi mdogo, kisha unazifumbata nusu mbili pamoja, unazifunga kwa kamba ya gome, unapandisha mtini. Tezo la babu lilifuliwa zamani ambazo hata yeye hakuzijua. Chuma chake kimenolewa mpaka kimebaki upana wa vidole vitatu. Mpini wake una shimo dogo pale kidole gumba kinapokaa. Hakuna aliyelichonga shimo hilo. Ni vidole vya baba na babu na wa nyuma yao.

Kwetu mwanamume hampi mwanawe tezo mkononi. Akiona nguvu zinamwisha, anapasua gogo la mwisho, anachimba nusu moja, nusu ya pili anaiacha nzima, na tezo analilaza juu yake. Halafu anaondoka hapo. Mwana anayeachiwa ndiye anayechimba nusu iliyobaki. Akimaliza anafunga mzinga, anautundika, na nyuki wakiingia, tezo ni lake. Kabla ya hapo si la mtu. Liko tu hapo.

Baba alifariki wiki niliyokuwa naanza mitihani yangu ya mwisho. Salumu alinipigia simu asubuhi. Alisema, "Kaka, baba ametutoka. Tukusubiri?" Mimi nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kuingia ukumbini, kalamu mbili mkononi. Nikamwambia, "Zikeni." Neno hilo moja. Nikazima simu, nikaingia, nikafanya mtihani, na nikawa wa kwanza darasani. Mara nyingi nimewasimulia watu habari hiyo, na kila mara niliisimulia kama mfano wa mtu anayejua anachokitaka.

Niliporudi, baada ya miaka miwili, nililikuta tezo bandani limelala juu ya nusu nzima ya gogo. Pembeni yake ilikuwa nusu aliyoichimba baba. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya vyote viwili. Nikalichukua tezo, nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi, nikalitundika. Salumu akanijia sebuleni, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Kaka, hujachimba."

"Nichimbe nini?"

"Nusu yako. Baba aliiacha kwa jina lako. Aliniambia, hiyo ni ya kaka yako, usiiguse."

"Salumu, mimi asali nimeisomea maabara. Nina mizinga ya masanduku thelathini. Mzinga wa gogo wa nini tena zama hizi?"

"Sijasema hujasoma. Nimesema nusu yako iko bandani inakusubiri."

"Basi isubiri."

Haikusubiri. Nilikuwa nahitaji kibao cha kampuni, na mbao ya mninga iliyokauka vile huipati siku hizi. Nikaipeleka ile nusu nzima kwenye mashine ya mbao, ikapigwa randa, ikaandikwa kwa rangi nyekundu: ASALI SAFI YA KASANDA. MKURUGENZI: ISSA R. KASANDA (STASHAHADA). Nusu ya baba nikaijaza udongo, nikapanda maua, nikaiweka barazani. Kusema kweli ilipendeza. Wageni waliisifu.

Salumu alikiona kibao siku kinapandishwa. Akakisoma mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo, miezi saba, hakunisemesha. Sikujua kwamba kwa miaka miwili ile alikuwa akiazima tezo la jirani kwa kazi zake, na la nyumbani kwao limelala pale pale, analipita asubuhi na jioni. Hilo niliambiwa baadaye.

Basi nikalala.

Sikumbuki usingizi ulinichukua saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilifungua macho, au nilidhani nimeyafungua, na nilikuwa sebuleni. Taa haikuwaka lakini palionekana. Na palinuka moshi. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi wa kienge, ule mwenge wa majani makavu wa kufukizia nyuki, moshi mtamu unaokaa kwenye nguo wiki nzima. Nikatazama kwenye makochi, hapakuwa na mtu. Nikatazama chini.

Babu Kasanda alikuwa amekaa sakafuni, juu ya vigae vyangu vyeupe, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye kochi ambalo hakulikalia. Alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Alikuwa vile vile, na kovu lake kwenye paji, na kaptula yake ya kaki.

"Mwangaluka, babu," nikamwamkia kwa Kinyamwezi, na sauti yangu ikatoka ya kitoto.

"Mwangaluka."

Nikataka kumwonyesha nyumba. Nikataka kumwambia, babu, vigae hivi vimetoka mbali, maji yanatoka ukutani, ukigusa hapa taa inawaka. Nilikuwa na maneno mengi yamejipanga. Lakini yeye alikuwa anatazama ukutani, chini ya picha yangu.

"Linafanya nini huko juu?"

"Nimelitunza, babu."

Akalitazama tena, muda mrefu, kama anavyotazamwa mtoto aliyesimamishwa kwenye kona.

"Limekukosea nini?"

Nikainama nitazame miguu yangu, na chini hapakuwa tena na vigae. Palikuwa na majani. Majani makavu ya miti ya mtundu, yale yanayopasuka ukiyakanyaga, na babu ameshasimama, anatembea mbele yangu, kamba begani. Tuko msituni. Ni asubuhi, maana mwanga unaingia kwa chini, baina ya miti. Namfuata. Mimi ni mtoto, natembea haraka kufikia hatua zake, lakini nimevaa joho, na joho linaburuta majani nyuma yangu, linafanya sauti.

Tunafika kwenye mti wenye mzinga. Anapitisha kamba kuuzunguka mti, anaifunga kiunoni mwangu, kama alivyonifunga mara ya kwanza nikiwa na miaka minane. Mikono yake ina joto. Nilitegemea iwe baridi.

"Panda."

Napanda. Najua kupanda, mwili haujasahau. Lakini joho linanasa. Linanasa kwenye gome, linanasa kwenye tawi, nikilivuta linanasa pengine. Nyuki wanavuma juu ya kichwa changu, wametulia, hawana hasira. Asali iko karibu, naisikia harufu yake.

"Vua hilo," babu anasema kutoka chini.

"Siwezi, babu. Nililihangaikia."

Nikatazama chini nimwone, na chini pakawa mbali, pakawa na sakafu ya saruji, na safu za madawati. Nimekaa. Mbele yangu kuna karatasi.

Naufahamu ukumbi huu. Naifahamu saa ile ya ukutani. Ila dawati ni la shule yetu ya msingi, dogo, magoti yangu yamebanwa chini yake. Karatasi ina swali moja tu, limeandikwa kwa mkono, na mwandiko naujua, ni wa baba, ule wa herufi zilizolala. Swali linasema: *Baba yako alizikwa saa ngapi?*

Nashika kalamu. Sijui. Miaka yote hii sikuuliza. Naandika saa nne, nafuta. Naandika baada ya adhuhuri, nafuta. Karatasi inatoboka.

Nje ya dirisha wanapita watu. Wanapita taratibu, wanaume peke yao, kofia nyeupe, nao wamebeba jeneza. Mbele kushoto ni Salumu. Anatembea ameuma meno. Mbele kulia, mahali pa mtoto wa kwanza, hapana mtu. Wengine wote wapo, wa kati, wa nyuma, bega kwa bega, lakini hapo mbele kulia hapana mtu na hakuna aliyethubutu kupachukua. Jeneza limelala upande. Kila hatua linalala zaidi. Salumu anajaribu kulinyanyua kwa bega moja, anapeleka mkono wake wa pili ng'ambo, haufiki.

Nataka kuinuka. Magoti yamenasa. Najaribu kuliinua dawati kwa mwili wangu lakini haling'oki.

"Naomba nitoke!" namwambia msimamizi. "Naomba nitoke mara moja!"

Msimamizi anageuka. Ni babu. Ameshika kienge kilichozimika.

"Mwenyewe umesema wazike," anasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu, maana mimi ni mtu wa kujibu. Alisema kama mtu anayekukumbusha ulipoacha funguo. Nikalia. Sikulia siku ile kwenye foleni, sikulia miaka miwili baadaye nilipoonyeshwa kaburi, lakini ndani ya dawati lile dogo nililia mpaka karatasi ikalowa, na mwandiko wa baba ukaanza kuyeyuka, herufi moja moja.

Halafu nikasikia sauti. Ko. Ko. Ko.

Ni sauti niliyozaliwa nikiisikia. Ni tezo kwenye mninga. Ukumbi ukaondoka. Nimesimama nyuma ya nyumba yetu ya zamani, kwenye banda lililokwisha bomolewa, na chini ya banda kuna mtu amenipa mgongo, amekaa juu ya kigoda, anachimba gogo. Shati lake ni lile la mistari. Mabega ni yale. Nywele za kisogoni zina mvi mahali pale pale.

"Baba."

Ko. Ko.

"Baba, nimerudi."

Anachimba. Vibanzi vya mninga vinaruka, vyekundu, vinaanguka kwenye miguu yake.

"Nilifaulu, baba. Nilikuwa wa kwanza. Walikuwepo watoto wa matajiri, na mimi mlinzi wa geti nikawapita. Waliniita mbele. Walisema jina lako, baba, walisema Kasanda, ukumbi mzima ukapiga makofi."

Ko. Ko. Ko. Hakugeuka.

Babu amekuja kusimama pembeni yangu. Anatazama kazi ya baba, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi anavyotikisa kwa fundi mwenzake. Kisha ananiuliza, kwa upole kabisa:

"Nusu yako iko wapi?"

Sikutaka kunyoosha mkono. Mkono ukajinyoosha wenyewe. Kwenye tawi la mti uliokuwa mbele yetu, palipostahili mzinga, kilikuwa kinaning'inia kibao changu. Kinameta. Na nyuki wamekuja. Kundi zima, lile kundi jeusi la kuhama, limetokea upande wa mto, limetua juu ya kibao. Wanatembea juu ya herufi. Wanatembea juu ya jina langu, wanaingia kwenye duara la herufi moja, wanatoka, wanakwenda ya pili. Wanatafuta mlango. Wakamaliza maneno yote, wakarudia. Kisha wakainuka pamoja, kama kitambaa kinachopeperushwa, wakaondoka.

Sauti ya tezo ikakatika.

Baba akageuka. Uso wake ulikuwa wa kabla ya ugonjwa, mpana, na macho yake mekundu kidogo kwa moshi, kama siku zote. Nikajisogeza mbele, nisimame mahali atakaponiona vizuri. Lakini alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya Salumu.

"Mwambie mdogo wako tulimwona," akasema. "Kila siku alikuwa analipita. Mwambie tulimwona."

Nikangoja. Nilingoja kama mtoto anayengojea fungu lake baada ya mwenzake kupewa.

"Na mimi, baba?"

Akanigeuzia mgongo. Akainua mkono akaendelea kuchimba. Ko. Ko. Vibanzi vilikuwa haviruki tena, na hapo ndipo nilipoona kwamba mkononi mwake hamna kitu. Mkono ulipanda na kushuka mtupu, kidole gumba kimekunjwa kama kilichoshika mpini, na sauti ilikuwa inatoka, lakini gogo lilikuwa halichimbiki. Halikuingia hata alama. Naye aliendelea, hakuchoka, hakulalamika, mkono mtupu unapanda na kushuka.

"Baba, subiri, ninalo mimi! Ninalo, nakuletea!"

Nikageuka nikimbilie sebuleni, nikajikwaa kwenye joho, na nikaamka.

Palikuwa pamepambazuka. Sauti bado ilikuwepo. Ko, ko, hata kupitia aluminiamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni Salumu anapigilia ubavu wa tela.

Sikunawa uso. Nikalitoa tezo ukutani, misumari ikabaki inanitazama. Nikatoka barazani, nikapiga magoti mbele ya maua yangu, nikayang'oa kwa mikono, nikaumwaga udongo wote sakafuni. Nikaipangusa nusu ya baba kwa shati nililolalia.

Sikuwa nimewahi kuitazama ndani. Niliijaza udongo bila kuitazama. Mapigo ya tezo yalikuwa yote yamo, maelfu, yamepangana kama magamba ya samaki. Upande wa kuanzia yalikuwa marefu na ya kina, ya mtu mwenye mabega. Katikati yakawa mafupi. Kadiri yalivyosogea mwisho yalizidi kuwa madogo, yamesongamana, mengine hayakutoa hata kibanzi, yameacha mkwaruzo tu. Nilipitisha vidole hapo. Huo ulikuwa mwezi wake wa mwisho, na mimi nilikuwa nakariri viwango vya unyevu wa asali. Alichimba mpaka ukingoni. Hakuacha hata inchi moja. Nusu yake aliimaliza.

Nikaibeba kichwani, tezo mkononi, nikavuka uwanja peku.

Trekta lilikuwa linanguruma tayari, mizigo imefungwa, mabinti wamekaa juu ya magodoro. Mwajuma ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa na kuku wawili, ameshika miguu yao.

"Haya, tazameni," akasema. "Mkurugenzi leo kaja bila viatu. Shemeji, umepotea njia? Ofisi iko kule."

"Sijapotea, shemeji."

"Na hicho kichwani? Maua yako umeyapeleka wapi?"

"Nimeyang'oa."

Aliliona tezo. Akawashusha kuku taratibu, akasogea pembeni.

Salumu alikuwa nyuma ya tela, anakaza kamba. Nikaishusha nusu ya baba mbele ya miguu yake, nikalilaza tezo juu yake. Sikumpa mkononi.

"Salumu."

Akakaza kamba.

"Nimeota."

Akakaza kamba ile ile, ambayo ilikuwa imeshakaza.

"Babu alikuja. Na baba. Baba amenipa maneno yako. Kasema nikwambie walikuona. Kila siku ulikuwa unalipita. Walikuona."

Mikono yake ikasimama. Hakugeuka. Nikaona mabega yake, ambayo ni mabega ya baba, nami sikuwa nimeligundua hilo kabla, yanapanda, yanashuka, yanakaa. Dereva akapiga honi.

"Alisema hivyo?" Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu katika miezi saba.

"Hivyo hivyo. Mara mbili."

"Na wewe alikwambia nini?"

"Mimi hakuniambia kitu."

Hapo akageuka. Alinitazama usoni, akanitazama miguu, udongo wa maua umenijaa mpaka magotini. Sijui alikuwa anatafuta nini. Mimi nilikuwa nimezoea kutazamwa na watu wakitafuta cha kusifu.

"Nusu nyingine?" akauliza.

"Ni kibao, Salumu. Imepasuliwa ubao. Hairudi."

Mwajuma akasema "Mh," akajiziba mdomo.

Salumu akachuchumaa. Akapitisha kiganja ndani ya kazi ya baba, kutoka upande wa mapigo marefu mpaka upande wa mikwaruzo, na pale kwenye mikwaruzo kiganja kikatulia. Yeye alikuwepo ikichimbwa. Pengine alimshika mkono.

"Nusu mpya ya mti mwingine haitakaa sawa na hii," nikasema. "Naelewa. Patabaki nafasi."

"Patabaki." Akavuta kamasi. "Nyuki wakikubali kuingia, wanaziba wenyewe kwa gundi yao. Si kazi yetu hiyo."

Kisha akalichukua tezo. Nilimwona kabisa akilichukua, mara ya kwanza maishani mwake. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye shimo lake. Akaligeuza, akakunja uso.

"Umelipaka nini?"

"Vanishi."

"Litateleza. Utajikata mguu."

Alisema *utajikata*, hakusema *nitajikata*. Sikuthubutu kumuuliza kama nimesikia vizuri. Akatoa kisu mfukoni, akakaa kwenye ukingo wa tela, akaanza kuukwangua mpini, taratibu, kuanzia chini, na ile rangi ya kumeta ikawa inadondoka vumbi jeupe juu ya miguu yake. Mimi nikaipakata nusu ya baba, nikakaa chini mbele yake.

"Mzee Salumu!" dereva akaita. "Jua linapanda! Tunaondoka ama hatuondoki?"

Salumu hakuinua kichwa.

"Zima trekta," akasema.

Mngurumo ukafa. Uwanjani ikabaki sauti ya kisu juu ya mpini tu.